Barua ya Wazi kwa Maaskofu, Maparoko na Halmashauri za Walei: Huyo Katekista Asiye na Doa Mtamtoa Wapi?

Wahashamu Baba Maaskofu, waheshimiwa maparoko, na ninyi ndugu zetu wa halmashauri za walei,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia kuhusu fomu. Ni karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, na katika parokia yetu lazima ijazwe na kila anayependekezwa kuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango, lile kanisa dogo lililo chini ya parokia. Mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne. Umri wake usizidi miaka 45. Awe amefunga ndoa kanisani. Halafu kuna kipengele cha mwisho, ambacho ndicho kilichonikalisha chini niandike: awe mtu asiye na doa lolote katika jamii.

La ndoa silipingi. Anayewaandaa wenzake kwa sakramenti hiyo na yeye awe ameipokea. La cheti tutalizungumza huko mbele. Ila hilo la doa, wazee wangu, limenishinda. Nimemtafuta mtu wa namna hiyo katika Maandiko, na ukishamtoa Bwana mwenyewe na Mama yake, sijampata. Nimemtafuta hata kwenye kamati iliyoitunga fomu yenyewe. Hapo sisemi mengi, maana tunajuana.

Kigango chetu kiko ukanda wa Ziwa Tanganyika. Padre hufika mara moja kwa mwezi, na masika barabara ikikatika anaweza asifike kabisa. Simlaumu, ana vigango vingi na gari moja ambalo kila siku liko kwa fundi. Ninachotaka kusema ni kwamba siku zote hizo tunazoishi bila padre, Kanisa mbele ya macho yetu ni katekista. Ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili na kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kipaimara. Ndiye anayeandika kwenye daftari majina ya watoto wa kubatizwa, ili padre akija asianze kuuliza upya jina la mama na la msimamizi. Mtu akifa usiku, mlango unaobishwa kwanza ni wake, na kesho yake ndiye atakayesimama kaburini. Ndugu wakigombania mpaka wa shamba, huitwa yeye kabla ya mtendaji wa kijiji.

Katekista wetu wa zamani alipolemewa na magoti akaomba kupumzika, jumuiya ndogondogo za waamini kigangoni zilikaa, zikajadiliana, zikapeleka jina moja. Jina la mvuvi. Huyu bwana alikuwa mlevi wa kupindukia, na hilo hata watoto wadogo wanalijua. Aliwahi kuuza nyavu za kaka yake akazinywea. Mke alirudi kwao. Baadaye, kwa namna ambayo yeye mwenyewe akiulizwa husema tu kwamba Mungu alimchoka akaamua kumkamata, aliacha pombe, akamfuata mkewe kwa wakwe na kuomba radhi mbele ya ukoo mzima, wakafunga ndoa. Hiyo ni habari ya miaka mingi sasa. Leo mgonjwa akizidiwa, anayekesha naye ni huyo. Na mtu akitaka kuacha pombe huenda kwake, haendi kwa mwenyekiti wa halmashauri.

Alisoma hadi darasa la saba. Jina lake likarudi kutoka parokiani likiwa limeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: hana sifa.

Naomba niwaonyeshe huyo asiye na sifa anavyofundisha, kwa sababu aliyeshika ile kalamu hajawahi kumsikia. Alikuwa bado anamsaidia yule mzee, na mimi nilikuwa nimeketi nyuma kwenye kivuli cha mwembe, nikisubiri watoto wamalize ili tufagie kanisa. Somo lilikuwa Petro kumkana Bwana. Akaokota kijiti, akachora mchangani ua wa kuhani mkuu: ukuta huku, mlango hapa, moto katikati. Akauliza, “Petro alisimama wapi?” Mtoto mmoja akasema karibu na moto. “Kwa nini?” Kwa sababu kulikuwa na baridi. “Haya. Kumbe mtu anaweza kumkana Mungu kwa sababu ya baridi tu. Mimi nilimkana kwa sababu ya kiu.” Watoto wakacheka sana, maana kila mmoja wao anaijua hiyo kiu. Kisha akachora moto wa pili, huu pembeni ya ziwa, akaweka na samaki juu yake. Akawaambia huu ni ule wa Yohane sura ya 21, Bwana amefufuka na sasa anawapikia mitume kifungua kinywa. “Mara ngapi alimkana? Na hapa anaulizwa mara ngapi kama anampenda?” Wakahesabu kwa vidole. Hakuna aliyewaambia jibu.

Mimi nimesikiliza homilia nyingi juu ya Petro. Ile ya mchangani ndiyo niliyoibeba nyumbani.

Sasa turudi kwa ninyi wenye kalamu. Matendo ya Mitume sura ya 15 mnaijua kuliko mimi, lakini naomba tuipitie pamoja kwa sababu humo ndani mnaonekana. Kijana Marko alikuwa amefuatana na Paulo na Barnaba kwenye safari ya kwanza. Walipotoka Kupro wakafika Perge ya Pamfilia, Marko akawaacha, akarudi Yerusalemu. Maandiko hayasemi kwa nini. Labda aliogopa njia ya milimani, labda alimkumbuka mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa kubwa kiasi cha waamini kukusanyika humo kusali. Vyovyote iwavyo, alitoroka kazini. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba akataka wamchukue tena. Paulo akakataa katakata: mtu aliyetuacha njiani hawezi kwenda nasi. Wakabishana vikali hadi watakatifu hao wawili wakaachana, mmoja akapita huku na mwingine kule. Paulo akaondoka na Sila. Barnaba akamchukua Marko, binamu yake, wakapanda chombo kwenda Kupro.

Paulo alikuwa na hoja. Alikuwa anakwenda kwenye viboko na magereza, na huwezi kwenda huko na mtu wa kukukimbia usiku. Kama kungekuwa na fomu siku hiyo, Marko asingepita. Lakini someni barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yuko kifungoni, anajua mwisho wake uko karibu, wengi wamemwacha. Anaomba aletewe joho lake na vitabu, na anaomba aletewe mtu: Marko, kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Yule yule. Katikati ya kutofaa na kufaa kuna miaka ambayo Barnaba alikaa na kijana aliyeshindwa, akatembea naye, akampa kazi. Na kwa mapokeo ya Kanisa, yule aliyetoroka ndiye aliyetuandikia Injili ya pili, akiyaandika mahubiri ya yule aliyekana mbele ya moto. (Wapo wanaodhani hata yule kijana aliyekimbia uchi Gethsemani, akaacha shuka mikononi mwa askari, ni Marko mwenyewe. Sijui. Lakini ni yeye peke yake aliyeliandika jambo hilo.)

Mimi sina ugomvi na ninyi kuwa Paulo. Kanisa linahitaji watu wakali wa kulinda kazi. Ninachouliza ni nani kati yenu katika jimbo zima amepewa kazi ya Barnaba, kwa sababu katika fomu hii sikuona nafasi ya saini yake.

Sitawachosha na Musa aliyeua mtu kisha akalalamika kwamba ulimi wake ni mzito, wala na Daudi na mke wa Uria. Hao mnawahubiri kila mwaka. Niwape mtu wa huku kwetu.

Karema, kwenye ukingo wa ziwa hili hili, mkoa wa leo wa Katavi, palikuwa na ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakaiachia shirika la wamisionari liitwalo Mapadre Weupe mwaka 1885. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880 alifika hapo kijana aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa mbali mno, upande wa mto Niger, huko Afrika Magharibi. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa utumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Aljeria, na huko mapadre wakamnunua ili kumkomboa. Mtazameni siku ile ananunuliwa, wapendwa wa kamati. Hana cheti cha kuzaliwa. Hana ukoo wa kumdhamini. Barua ya utambulisho ya kutoka jumuiya yake ingetoka wapi? Jumuiya yake ilikuwa mlolongo wa watumwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, hakuweka tangazo la kutafuta vijana waliokwisha kusoma. Aliwachukua watoto kama huyu, akawasomesha, na baadhi yao, Atiman akiwemo, akawapeleka Malta wakajifunza udaktari, ili waje Afrika ya Kati wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Atiman alikuja Karema na hakuondoka. Alitibu na kufundisha dini hapo kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Wakoloni wa Kijerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaja, maaskofu wakabadilishana, yeye yuko pale pale na dawa zake na katekisimu yake. Mwanawe akawa padre. Hadi leo hospitali ya Kanisa pale Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na watu hawasemi “hospitali ya Kristu Mfalme”, wanasema “naenda Atiman”.

Naona mtaniambia, lakini Atiman alikuwa msomi. Ndiyo. Na usomi huo alipewa na nani? Aliitwa kwanza, akasomeshwa baadaye, kwa gharama ya waliomwita. Ninyi mnataka mtu ajisomeshe, ajisafishe, aje amekamilika, halafu ndipo mumpe kazi ambayo posho yake haitoshi hata kununua tairi la baiskeli anayoendea vigangoni.

Kwa upande wa umri sina maneno mengi. Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista wa Paimol kaskazini mwa Uganda, waliuawa kwa ajili ya kazi hiyo Oktoba 1918 wakiwa bado vijana wadogo, Jildo akiwa mtoto kabisa. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenyeheri mwaka 2002. Upande wa pili wapo wazee wetu wanaofundisha wakiwa na miaka 70 na watoto wanawaelewa. Miaka 45 imetoka wapi? Nadhani mtu aliinakili kutoka tangazo la ajira la serikali.

Na ninyi maparoko, mmesahau mtakatifu msimamizi wenu? Yohane Maria Vianney alikuwa mtoto wa mkulima huko Ufaransa, alianza masomo akiwa mtu mzima, na Kilatini kilimtesa hadi akaondolewa seminari. Alipoitwa jeshini wakati wa Napoleon alibaki nyuma ya kikosi, akajificha kijijini hadi msamaha ulipotangazwa. Kwa lugha ya fomu yetu ana madoa mawili, la shule na la utoro. Kilichomwokoa ni paroko wa Écully, ambaye alimchukua nyumbani kwake, akamfundisha mwenyewe, na kumsemea kwa wakubwa kila alipofeli. Akapata upadirisho mwaka 1815. Akapelekwa Ars, kijiji kidogo ambacho hakuna aliyekitaka, na huko watu wakaanza kumiminika kutoka Ufaransa nzima kuungama kwake. Mwaka 1929 Papa Pius XI akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wote. Yule paroko wa Écully ndiye ninayemtafuta katika barua hii. Bila yeye tungekuwa na mkulima mmoja zaidi Ufaransa, na hakuna ambaye angejua tumepoteza nini.

Nisieleweke vibaya. Simtetei mwizi wa sadaka. Simtetei anayegusa mtoto wa mtu. Huyo wa mwisho aondolewe siku hiyo hiyo, polisi waitwe, na asihamishiwe kigango kingine kimya kimya kana kwamba wale wa huko hawana watoto. Mungu kuwaita wadhambi hakumaanishi watoto wetu wakabidhiwe kwa yeyote.

Lakini angalieni kile kipengele cha doa kinavyofanya kazi kwa kweli. Mvuvi wetu amefeli kwa sababu aliungama hadharani. Kama angekunywa pombe yake chumbani, mlango umefungwa, akatoka asubuhi amepiga pasi, angepita. Kama angempiga mkewe bila majirani kusikia, angepita. Swali lenu haliulizi mtu ameishije, linauliza watu wamemsemaje, na hapo anayejua kuficha ndiye anayepata alama za juu. Ninyi mnaokaa kwenye kiti cha kitubio mnajua kuliko sisi sote kwamba kila mtu ana lake. Tofauti ni kati ya aliyelitoa na aliyelifunika. Fomu hii inamchagua aliyelifunika. Halafu siku kifuniko kikifunguka mnakuja kigangoni na nyuso za mshangao.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye ripoti za mwaka. Tangu jina lile lirudishwe, kuna kijana mmoja aliyekuwa anahudhuria jumuiya baada ya miaka mingi ya kuzurura mwaloni, huko wavuvi wanakoshushia samaki, na ameacha kuja. Nilipomuuliza, hakusema amekasirika. Alisema tu, “Kama yule amekataliwa, mimi nije kufanya nini?” Nilikosa la kumjibu. Labda ninyi mnalo.

Sasa la cheti. Mei 2021 marehemu Papa Fransisko alitoa barua inayoifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa, na Januari 2022 akawasimika mwenyewe makatekista wa kwanza pale Vatikani. Katika barua hiyo anataka makatekista wawe watu wa imani ya kina na wenye ukomavu, na anataka wapate malezi yanayofaa: ya Biblia, ya teolojia, ya kichungaji, ya namna ya kufundisha. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila malezi anayoyasema Baba Mtakatifu ni kitu ambacho Kanisa linampa katekista. Kidato cha nne hakimfundishi mtu kuongoza mazishi ya mtoto mchanga huku mama anapiga kelele. Wazee wanakumbuka vyuo vya makatekista ambako mtu alikwenda na mkewe na watoto, wakalima huku wanasoma, na mke naye akafundishwa. Walirudi wakiwa na kitu. Leo tunapeana semina ya siku tatu, chai na andazi, kisha tunalalamika kwamba makatekista hawana elimu.

Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 231, inasema pande zote mbili kwa pamoja: mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa ana wajibu wa kupata malezi yanayotakiwa, na ana haki ya malipo yanayostahili ili aweze kujitunza yeye na familia yake, pamoja na bima na matibabu. Nusu ya kwanza mmeigeuza fomu. Nusu ya pili naomba mnionyeshe iko ukurasa gani wa bajeti ya parokia. Tumechangia nyumba ya mapadre, tumechangia gari, tumechangia jubilei, na tumetoa kwa moyo. Katekista mzee aliyestaafu kwa magoti amepewa rozari na kuombewa baraka. Nilikuwepo. Rozari ilikuwa nzuri.

Ninachoomba si kikubwa. Kipengele cha doa kifutwe, na badala yake jumuiya zinazoishi na mtu ziulizwe maswali ya kweli: anaishije na mkewe, anashikaje fedha za watu, watoto wako salama naye, ameanguka wapi na akainukaje. Maswali hayo ni magumu kuliko fomu, na sisi tuko tayari kuyajibu kwa maandishi. Umri uachwe. Cheti kinachodaiwa mlangoni kidaiwe mwishoni, baada ya jimbo kumsomesha mtu, na jimbo lipange fungu la kumsomesha. Posho ya katekista iandikwe kwenye bajeti kabla ya mapambo ya sikukuu. Tena kila parokia iwe na padre au mlei mmoja mkomavu ambaye kazi yake inayojulikana ni kukaa na hawa wanaoanza, kama Barnaba alivyokaa na binamu yake Kupro.

Halmashauri ya parokia yetu itakaa tena baada ya mavuno. Jumuiya za kigango zimekwisha kukutana. Zitapeleka jina lile lile la mvuvi, na safari hii wenyeviti wote wa jumuiya watakuja nalo wenyewe hadi ofisini, na mkewe pia amesema atakuja. Tunaomba paroko awepo.

Wenu katika Kristo,
Muumini wa kigango, ukanda wa Ziwa Tanganyika